Unaposema mashudu ya alizeti, unasema yapi?

Ukiulizia mashudu, yale mabaki ya mbegu iliyokamuliwa mafuta wanayolishwa mifugo, utajibiwa mambo mawili: jina la mbegu na uzito wa gunia. Alizeti, kilo 50. Pamba, kilo 60. Mnaelewana bei, gunia linapakiwa, biashara imekwisha. Hakuna aliyetaja protini, wala mafuta yaliyobaki ndani, wala kama mbegu ilikamuliwa pamoja na maganda yake. Mwezi mmoja baadaye maziwa hayajapanda, kuku wamedumaa, na lawama inatupiwa alizeti, kana kwamba alizeti ni kitu kimoja.

Jina la mbegu hukuambia sumu gani uiogope, basi. Mengine karibu yote huamuliwa na mashine iliyokamua na tumbo la mnyama atakayekula. Anayeyajua haya mawili atalisha vizuri kwa mashudu yanayodharauliwa, na asiyeyajua atapata hasara hata akinunua soya ya daraja la juu.

Tuanze na hesabu. Chukua kilo 100 za mbegu za alizeti zenye mafuta kilo 40 na protini kilo 16. Mashine ndogo iliyochakaa ikitoa kilo 30 za mafuta, yanabaki mashudu kilo 70. Protini haiondoki na mafuta. Iko palepale, kilo 16. Kwa hiyo mashudu hayo yana protini asilimia 23 hivi na mafuta asilimia 14. Mashine nzuri ya parafujo, iliyokazwa sawasawa, ikitoa kilo 36, mashudu yatakuwa kilo 64: protini asilimia 25, mafuta asilimia 6. Sasa kabla ya kukamua zipasue mbegu, uzipepete, uondoe kilo 15 za maganda, ambazo zitaondoka na protini kidogo, tuseme kilo moja. Kwa mashine ileile nzuri utabaki na kilo 49 za mashudu zenye protini karibu asilimia 31 na mafuta asilimia 8. Unyevu unaopotea njiani tumeuacha ili hesabu isirefuke. Mbegu ni moja, shamba moja, na mashudu yametoka matatu. Sokoni yote matatu yanaitwa mashudu ya alizeti.

Viwanda vikubwa huenda mbali zaidi kwa kuosha mbegu iliyopondwa kwa kiyeyushi kiitwacho heksani, na kubakiza mafuta asilimia 1 au 2 tu. Mashudu ya soya ya namna hiyo hufika protini asilimia 44 yakiwa na maganda, na 47 hadi 48 yakimenywa. Namba nyingi zilizomo kwenye majedwali ya lishe ya mifugo ni za mashudu ya viwanda vya aina hii. Mfugaji anayenunua kwa mwenye mashine ndogo kisha akapiga hesabu kwa jedwali hilo anapanga chakula cha mashudu ambayo hayamo ghalani mwake.

Soya yenyewe ina kichekesho chake. Tumezoea kuyaita mashudu masalia, mabaki ya kazi ya mafuta. Lakini kilo 100 za soya hutoa mafuta kilo 18 au 19 na mashudu karibu kilo 80. Hapo ni nani masalia ya mwenzake? Kwa soya, mashudu ndiyo yanayobeba biashara na mafuta ndiyo yanayofuata, na ndiyo maana bei yake haiwezi kushuka kama ya mashudu ya pamba au alizeti, ambayo mwenye kiwanda anataka yamwondokee ghalani.

Kuhusu bei, kanuni ni fupi: gawanya bei ya kilo kwa asilimia ya protini. Tuseme kilo ya mashudu ya soya yenye protini 44 inauzwa kwa 100, na ya alizeti yenye protini 24 inauzwa kwa 60. Ukitazama juujuu, alizeti ni nafuu kwa mbali. Gawanya: soya inakuja 2.27 kwa kila pointi ya protini, alizeti 2.5. Ile "ya bei rahisi" ndiyo ghali, na bado hujahesabu usafiri wa maganda uliyoyabeba humo ndani. Kwa ng'ombe hesabu hii inahitaji kulainishwa kidogo, kwa sababu yeye ana kazi ya kufanya na hayo maganda na mafuta. Kwa kuku haihitaji huruma yoyote.

Protini ya karatasini

Ile asilimia iliyoandikwa kwenye cheti cha maabara si protini iliyopimwa moja kwa moja. Kinachopimwa ni naitrojeni, kisha inazidishwa kwa 6.25, kwa kuwa protini kwa wastani ina naitrojeni asilimia 16. Kipimo hakiulizi naitrojeni imetoka wapi. Hapo ndipo mlango wa udanganyifu ulipo. Urea ya mbolea ina naitrojeni asilimia 46; zidisha kwa 6.25 upate 287.5. Kilo moja tu ya urea ndani ya kilo 100 za mashudu hupandisha "protini" karibu pointi 3 bila kuongeza hata chembe ya protini ya kweli. Mwaka 2007 dunia ilijifunza somo hili kwa uchungu pale chakula cha mbwa na paka kiliporudishwa kwa wingi madukani Marekani, baada ya gluteni ya ngano kukutwa na melamini, kemikali yenye naitrojeni nyingi kuliko hata urea.

Urea katika mashudu inaweza kushikwa bila maabara. Saga soya mbichi, isiyokaangwa, vijiko viwili. Changanya na mkono mmoja wa mashudu unayoyashuku, weka kwenye chupa ya kioo yenye mfuniko, mimina maji ya uvuguvugu mpaka yalowe, funga. Baada ya dakika 20 hadi 30 fungua unuse. Soya mbichi ina kimeng'enya cha urease ambacho huvunja urea na kutoa amonia, harufu ileile kali ya banda lisilofagiliwa. Ikikupanda puani, gunia hilo limetiwa urea. Fanya pia chupa ya pili yenye soya mbichi na maji peke yake, ili pua iwe na cha kulinganisha.

Mchanga ni rahisi zaidi kuugundua. Kijiko cha mashudu kwenye glasi ya maji, koroga, subiri dakika 2: mchanga hushuka chini na kutulia peke yake. Kwa maabara, uliza majivu, yaani kinachobaki sampuli ikichomwa. Mashudu safi kwa kawaida huwa na majivu asilimia 5 hadi 8, ufuta huzidi hapo. Yakifika 12 au 15, umenunua udongo.

Moto

Joto ndilo jambo linalosahaulika kuliko yote, na ndilo lenye makali pande zote mbili.

Likipungua, soya inabaki na vizuizi vya tripsini, kimeng'enya cha kusaga protini tumboni. Kifaranga akila soya isiyoiva, kongosho lake huvimba kwa kuhangaika kutengeneza vimeng'enya zaidi, na hakui. Kipimo cha haraka ni kile cha chupa, kikigeuzwa: safari hii weka kijiko cha urea na maji, tia mashudu ya soya, funga, unuse baada ya dakika 20. Amonia kali maana yake urease bado hai, na kama yenyewe imesalimika, vizuizi vya tripsini navyo vimesalimika. Maabara hupima jinsi pH, kipimo cha uasidi, inavyopanda katika jaribio hilohilo, na kupanda kwa 0.05 hadi 0.20 ndiko kunakokubalika. Soya mbichi ina hatari nyingine kwa ng'ombe anayepewa urea kwenye chakula chake: urease huifungulia amonia kwa kasi, na mnyama anaweza kufa kwa sumu ya amonia. Viwili hivyo visikutane kwenye hori moja.

Joto likizidi, laisini, mojawapo ya asidi amino zinazojenga protini, hushikana na sukari zilizomo kwenye mbegu. Ni mabadiliko yaleyale yanayoupa mkate rangi ya kahawia. Laisini iliyoshikwa hivyo bado inasomeka kama protini kwenye cheti, ila mnyama hawezi kuitumia. Hupita tumboni ikatupwa. Mkazo wa parafujo, kasi ya kulisha mashine na unyevu wa mbegu ndivyo huamua joto hilo. Mbegu kavu kupita kiasi katika mashine iliyobanwa sana huweza kupanda juu ya nyuzi 130, na mashudu hutoka ya kahawia iliyokolea, magumu kama kigae, yenye harufu ya kuungua. Urease haiwezi kukuonya juu ya hili, kwa kuwa ikishakufa imekufa. Kwa soya, maabara huangalia protini inayoyeyuka katika maji yenye hidroksidi ya potasiamu asilimia 0.2: juu ya asilimia 85 haijaiva, chini ya 70 hivi imeungua. Asiye na maabara aamini macho na pua. Mashudu mazuri ya soya yana rangi ya dhahabu iliyofifia na harufu ya karanga zilizokaangwa kidogo.

Ng'ombe kwanza, lakini kwa hesabu

Ng'ombe, mbuzi na kondoo ndio wenye tumbo la kusamehe. Vijiumbe vya tumbo la kwanza huvunja protini ya mashudu, hujijengea miili yao, kisha mnyama humeng'enya vijiumbe wenyewe. Ndiyo maana upungufu wa laisini katika alizeti au ufuta, unaomwangusha kuku, ng'ombe wa maziwa ya wastani hausikii.

Chukua ng'ombe wa kilo 400 anayetoa lita 10. Kuishi tu kunamhitaji protini gramu 320 hivi kwa siku. Kila lita inadai gramu 85 nyingine. Jumla ni gramu 1,170. Akila majani ya kilo 10 za uzito mkavu yenye protini asilimia 8, anapata gramu 800. Pengo ni gramu 370. Mashudu ya alizeti yenye protini 28 yanaliziba kwa kilo 1.3; ya soya yenye 44, kwa gramu 840. Kumbe si ndoo mbili wala debe, kama wengi wanavyomimina wakidhani maziwa yatafuata wingi.

Na hayatafuata kama nguvu ya mwilini haipo. Vijiumbe huhitaji wanga ili kuitumia amonia inayotokana na protini. Wanga ukikosekana, amonia huingia kwenye damu, ini huigeuza urea, na mnyama huitoa kwa mkojo na maziwa huku akitumia nguvu kuifanya kazi hiyo. Alizeti na karanga ni mabingwa wa jambo hili, kwa kuwa protini yao huvunjika haraka sana tumboni. Walishe pamoja na pumba, mahindi yaliyoparazwa au molasi, na ugawe mara mbili au tatu kwa siku. Pamba na nazi huvunjika polepole zaidi, na sehemu ya protini yao hupita salama hadi utumbo mdogo, jambo linalomfaa ng'ombe wa maziwa mengi.

Mahali ambapo mashudu duni hulipa kuliko popote ni kiangazi, wakati majani yamekuwa mabua. Chakula kizima kikishuka chini ya protini asilimia 7 hivi, vijiumbe hufa njaa, nyuzinyuzi hazivunjwi, tumbo linabaki limejaa na ng'ombe anaacha kula huku mabua yapo mbele yake. Nusu kilo hadi kilo moja ya mashudu ya pamba au alizeti yenye maganda huwaamsha vijiumbe hao, na mnyama hula mabua mengi zaidi kuliko uzito wa mashudu uliyompa. Kumpa ng'ombe huyu soya ya asilimia 47 ni ubadhirifu.

Mafuta nayo yana mpaka. Chakula chote kikizidi mafuta asilimia 6 hivi ya uzito mkavu, vijiumbe wanaovunja nyuzinyuzi huzongwa na asilimia ya siagi katika maziwa hushuka. Rudi kwenye yale mashudu ya mashine chakavu yenye mafuta 14: kilo 3 zake zina gramu 420 za mafuta, ambazo kwa ng'ombe anayekula kilo 14 ni asilimia 3 kamili, kabla hujahesabu mafuta ya majani na pumba. Kilo 2 zinatosha.

Kwa kupata uwiano wa mchanganyiko, mraba wa Pearson bado haujazeeka. Unataka chakula cha nyongeza chenye protini 16 kutokana na mahindi ya protini 9 na soya ya 44. Toa kwa mshazari: 44 kutoa 16 ni 28, sehemu za mahindi, 16 kutoa 9 ni 7, sehemu za soya. Jumla 35, yaani mahindi kilo 80 na soya kilo 20. Ukitumia alizeti ya 28, inakuwa mahindi 63 na alizeti 37. Acha nafasi ya kilo 2 hadi 3 za madini na chumvi, halafu rekebisha.

Kuku hadanganyiki

Kwa kuku na nguruwe protini ghafi ni namba nusu. Wanachotafuta ni asidi amino, laisini na methionini mbele. Soya ina laisini nyingi na upungufu wa methionini. Alizeti na ufuta ni kinyume chake. Karanga imepungukiwa na zote mbili. Kwa hiyo soya na ufuta, au soya na alizeti, hufunikana. Karanga na ufuta huongezeana njaa ya laisini, ingawa kwenye karatasi protini yao inapendeza.

Tazama gharama ya kubadilisha. Kilo 10 za mashudu ya soya zina protini kilo 4.4 na laisini gramu 280 hivi. Ili kupata protini hiyohiyo kwa alizeti ya 28, unahitaji kilo 15.7, na hizo zina laisini gramu 157 tu. Pengo la gramu 123 huzibwa na laisini ya dukani, ambayo kwa umbo lake la kawaida la unga ina laisini safi asilimia 78: gramu 158. Bado umetumia nafasi ya kilo 5.7 zaidi ndani ya mchanganyiko, nafasi ambayo ingekaliwa na mahindi, kwa hiyo nguvu imeshuka. Unaweza kuirudisha kwa mafuta kidogo, au kukubali kuku ale zaidi. Kifaranga wa nyama wa chini ya wiki 3 hana tumbo la kula zaidi. Alizeti yenye maganda isizidi asilimia 5 kwake. Kuku wa mayai huvumilia 10 hadi 15 bila shida, na iliyomenywa zaidi ya hapo.

Ufuta una kasoro yake: fitati na oksalati hushika kalsiamu. Kuku wa mayai akipewa ufuta mwingi bila chokaa ya ziada, maganda ya mayai ndiyo yatakayosema.

Sumu, kila mbegu na yake

Pamba ina gosipoli. Ile iliyo huru ndiyo inayodhuru. Iliyoshikana na protini haina madhara makubwa. Kinachoishikisha ni joto la mashine, kwa hiyo mashudu ya parafujo huwa na gosipoli huru kidogo kuliko yale ya kiyeyushi yasiyopitia moto wa kutosha. Ila gosipoli hujishikiza kwenye laisini, ikaondoka nayo. Usalama ulionunuliwa kwa moto umelipiwa kwa ubora wa protini, na ndiyo sababu pamba iliyo salama kwa kuku huwa na laisini haba.

Kwa kuku wa nyama na nguruwe, gosipoli huru isizidi miligramu 100 kwa kilo ya chakula chote. Kwa kuku wa mayai weka 50. Yai likiwa jipya halionyeshi kitu. Likikaa ghalani wiki kadhaa kiini hugeuka kijani cha zeituni, kwa sababu gosipoli imekutana na chuma cha kiini. Ukiona ute umekuwa wa pinki, hiyo ni kazi ya asidi fulani za mafuta ya pamba, na zinakuja kwa wingi pale mashudu yanapobaki na mafuta mengi. Salfeti ya feri, chumvi yenye chuma, husaidia. Tuseme chakula kina mashudu ya pamba asilimia 20 yenye gosipoli huru miligramu 500 kwa kilo: chakula chote kinakuwa na 100. Sehemu moja ya chuma kwa sehemu moja ya gosipoli ni miligramu 100 za chuma. Salfeti ya feri ya fuwele ina chuma asilimia 20, hivyo unahitaji miligramu 500 kwa kilo, yaani gramu 50 kwa kila kilo 100 za chakula. Ng'ombe mzima huvumilia pamba vizuri. Ndama ambaye tumbo lake halijaanza kazi havumilii, na fahali wa mbegu asilishwe kwa mfululizo, maana gosipoli huharibu manii.

Karanga inatisha zaidi kwa sababu sumu yake haina rangi wala harufu. Mwaka 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa Uingereza kwa ugonjwa ambao haukujulikana. Chanzo kikapatikana katika mashudu ya karanga yaliyoagizwa kutoka Brazil. Kuvu aitwaye Aspergillus flavus ndiye aliyeipa sumu hiyo jina: aflatoksini. Karanga zikikamuliwa, sumukuvu nyingi hubaki kwenye mashudu, na moto wa mashine hauimalizi. Mafuta hutoka yakiwa na sehemu ndogo, mfugaji akabebeshwa zilizobaki.

Na kutoka kwa mfugaji inahamia kwenye kikombe. Ng'ombe hugeuza aflatoksini B1 kuwa M1 na kuitoa kwenye maziwa, kwa kawaida asilimia 1 hadi 3 ya aliyoila. Ng'ombe wetu wa lita 10 akila kilo 2 za mashudu yenye mikrogramu 50 kwa kilo, amekula 100; asilimia 2 yake ni mikrogramu 2, au 0.2 kwa lita. Kiwango cha Codex, tume ya kimataifa ya viwango vya chakula, ni 0.5, cha Umoja wa Ulaya ni 0.05. Maziwa hayohayo yanapita upande mmoja na kumwagwa upande mwingine. Habari njema ni kwamba ukiacha kumlisha mashudu hayo, maziwa husafika ndani ya siku 3 au 4. Udongo wa bentonaiti, kati ya asilimia nusu na asilimia 1 ya chakula, hunasa sehemu ya sumu tumboni. Usiufanye ruhusa ya kununua mashudu yenye ukungu.

Kwa kondoo, chunga mashudu ya kokwa za mchikichi. Yana shaba nyingi kuliko anavyoweza kondoo. Shaba hujikusanya kwenye ini wiki hata miezi bila dalili, kisha siku moja ini hufungua mlango: macho ya manjano, mkojo wa rangi ya kahawa, kifo ndani ya siku chache. Ng'ombe wa zizi la jirani, kwa mashudu yaleyale, hana habari.

Kitani kina sianidi inayofunguka kikilowekwa kwa maji ya uvuguvugu, kwa hiyo kama ni kulowesha, chemsha dakika 10 sufuria ikiwa wazi. Rapa ya zamani ina glukosinolati zinazovuruga tezi ya shingo; aina za kanola zilizalishwa kuondoa shida hiyo, na mashudu yake, yenye protini 36 hivi, ni mazuri. Mbarika usiguse kabisa. Na ukumbuke kuuliza kama mashine ya kukamulia alizeti yako ilikamua mbarika jana.

Ghala na cheti

Mashudu hutoka mashineni yakiwa ya moto. Yakitiwa guniani papo hapo, mvuke hugeuka maji upande wa ndani wa gunia, na ukungu huanzia hapo, nje kukiwa kukavu kabisa. Yatandaze sakafu safi, unene usiozidi sentimita 10, yapoe usiku mzima. Unyevu uwe chini ya asilimia 11. Magunia yakae juu ya mbao, mbali na ukuta, na lundo lisiwe refu. Mashudu yenye mafuta mengi hupata joto yenyewe hewa inapoyala mafuta hayo, na lundo kubwa linaweza kuwaka bila kiberiti; katika kanuni za usafirishaji wa baharini yameorodheshwa kama mzigo wa hatari, namba UN 1386 na UN 2217. Tumbukiza mkono katikati ya lundo kila wiki. Ukihisi joto, bomoa lundo leo, usingoje kesho. Mashudu ya mafuta 10 na zaidi yatumike ndani ya mwezi au mwezi na nusu kabla hayajachacha. Ya kiyeyushi hukaa miezi.

Gunia la mashudu lingefaa kubeba taarifa tano: njia ya ukamuaji, kama mbegu ilimenywa, protini, mafuta na nyuzinyuzi. Mwenye mashine anazijua mbili za kwanza bure, na tatu zilizobaki zinapatikana kwa kipimo kimoja cha maabara kwa kila shehena ya mbegu. Kinachomzuia ni kwamba mnunuzi hajauliza. Kwa anayenunua tani moja au zaidi kwa mkupuo, gharama ya kupima ni ndogo mbele ya pointi 5 za protini zisizokuwepo. Sampuli isichukuliwe kwenye gunia la juu. Chagua magunia 10 kutoka pande zote za shehena, chota juu, katikati na chini ya kila moja, changanya kwenye turubai, gawa nne, tupa robo mbili zinazotazamana, changanya tena, gawa tena, mpaka ibaki kilo moja. Nusu kilo iende maabara. Nusu ifungwe kwenye mfuko mkavu, iandikwe tarehe na muuzaji atie sahihi, ikae kwako hadi gunia la mwisho liishe.